Dagaa, miche na ghala la unga: shughuli za nje ya darasa zinavyosomwa na vyuo vinavyochuja

Mwanafunzi wa Kigoma anayeomba chuo nchini Marekani akifika kwenye ukurasa wa shughuli za nje ya darasa, mara nyingi huandika mambo matatu: kiranja, mpira wa miguu, kwaya. Kisha anakwama. Nafasi ziko 10, amejaza 3. Zile saa 12 kwa wiki anazokaa mwalo wa Kibirizi akimsaidia mama yake kuanika dagaa hazimo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hiyo nayo ni shughuli. Katika akili yake ni kazi za nyumbani, na pengine anaona haya kuzitaja mbele ya watu wa chuo kikubwa. Hapo ndipo waombaji wengi wa mikoa yetu wanapojipunguzia thamani kwa mkono wao wenyewe.

Tuanze na mahali ambapo jambo hili halina kazi. Ukiomba chuo kikuu cha hapa Tanzania, udahili unafuata ufaulu wako wa kidato cha sita, au stashahada, na vigezo vya programu husika. Uwe ulikuwa kaka mkuu au hukuwa, alama zako za masomo makuu ndizo zinazoongea. Ukiomba Oxford au Cambridge nchini Uingereza, shughuli zinaangaliwa pale tu zinapohusiana na somo unaloomba. Tangu udahili wa mwaka 2026, maelezo binafsi yanayopitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya Uingereza, yamegawanywa katika maswali 3 yenye jumla ya herufi 4,000, na swali la mwisho linauliza umejiandaaje nje ya masomo ya darasani. Anayeomba uhandisi akieleza alivyorekebisha pampu ya kijiji amejibu swali hilo. Akieleza jinsi timu yake ya netiboli ilivyoshinda, amepoteza herufi.

Mambo hubadilika kwa vyuo vya Marekani vinavyochuja sana, na kwa ufadhili unaotafuta viongozi vijana wa Afrika, kama ule wa Mastercard Foundation, au shule kama African Leadership Academy ya Johannesburg inayopokea vijana wa miaka 16 hadi 19. Harvard, Yale na MIT kila mwaka hupokea chini ya waombaji 6 kwa kila 100. Wengi kati ya wale wanaokataliwa wana alama za kutosha kabisa kufaulu pale. Maana yake ni kwamba alama zinakufikisha mlangoni, na baada ya hapo msomaji wa faili anatafuta kitu kingine cha kumsaidia kuchagua. Shughuli ni sehemu kubwa ya hicho kitu kingine, pamoja na insha na barua za walimu. Haziokoi faili lenye alama dhaifu. Mzazi asidanganywe na mtu yeyote anayeahidi kinyume.

Msomaji wa faili anapima nini hasa

Kwa miaka mingi vyuo vilificha namna vinavyopima. Kesi iliyofunguliwa dhidi ya Harvard, ikasikilizwa Boston mwaka 2018 na kuamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 29 Juni 2023, ilihusu rangi na udahili. Lakini pembeni yake ilifunua nyaraka ambazo kila mwombaji anafaa kuzijua, ikiwemo miongozo ya wasomaji wa mafaili. Kila mwombaji alipewa namba kwa taaluma, kwa shughuli za nje ya darasa, kwa michezo na kwa sifa binafsi.

Upande wa shughuli, 1 ilimaanisha mafanikio yanayoweza kufika ngazi ya taifa au zaidi. Namba 2 ilikuwa mchango mkubwa katika shule, mtu aliyeongoza kitu kikaonekana. Namba 3 ilikuwa ushiriki mzuri usio na kitu cha pekee, na 4 ushiriki mdogo au usiokuwepo. Ngazi inayowahusu wengi wetu ni ya 5: mwanafunzi mwenye shughuli nzito nje ya zile za kawaida, kama majukumu ya familia au kazi anayoifanya katikati ya muhula. Namba 6 iliwekwa kwa wale ambao hali yao maalumu iliwazuia kushiriki.

Soma tena ile 5. Haiko chini ya 4 kwa ubora; ni chumba cha pembeni kilichojengwa kwa ajili ya kijana ambaye jioni zake zimechukuliwa na kazi ya nyumbani. Na mwongozo ule uliruhusu shughuli hizo kuunganishwa na nyingine ili kupandisha daraja. Lakini msomaji hawezi kukuweka kwenye chumba hicho kama hukumwambia. Akiona nafasi 3 zimejazwa na 7 tupu, bila maelezo, anachokiona ni 4.

Hiyo ni Harvard, na kila chuo kina utaratibu wake. Ipo njia ya bure ya kujua chuo unachokitaka kinasemaje. Vyuo vingi vya Marekani huchapisha kila mwaka waraka wa takwimu unaoitwa Common Data Set. Nenda sehemu ya C7. Humo kuna jedwali la mambo yanayozingatiwa katika udahili, kila moja likiwa limewekewa alama: muhimu sana, muhimu, huzingatiwa, haizingatiwi. Shughuli za nje ya darasa zina mstari wake, kipaji kina wake, kujitolea kuna wake, na uzoefu wa kazi una wake. Dakika 10 za bando kwa kila chuo zitakuambia mengi kuliko semina ya siku nzima.

Fomu yenyewe, na herufi zake

Fomu inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000 ni Common App. Inakuruhusu kuweka shughuli zisizozidi 10. Kila moja ina sehemu ya cheo chako yenye herufi 50, jina la kundi au taasisi herufi 100, na maelezo herufi 150. Ni herufi, si maneno, na nafasi kati ya neno na neno inahesabiwa. Unaulizwa pia miaka uliyoshiriki, kama ni wakati wa masomo, likizo au mwaka mzima, saa kwa wiki, na wiki kwa mwaka. Kwenye orodha ya aina za shughuli, pamoja na michezo, muziki na mdahalo, yamo majukumu ya familia na kazi ya kulipwa. Yamewekwa makusudi.

Tuzo zina sehemu ya peke yake: 5 tu, herufi 100 kila moja, na ngazi yake, yaani shule, mkoa, taifa au kimataifa. Waombaji wengi huchanganya. Kucheza mpira wa wavu miaka mitatu ni shughuli. Kuchaguliwa timu ya mkoa ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ni tuzo. Kuwa kwenye klabu ya waandishi ni shughuli; kushinda mashindano ya insha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki au ya SADC ni tuzo. Ukiweka tuzo kwenye shughuli unajinyima nafasi mbili kwa wakati mmoja.

MIT haitumii Common App. Ina fomu yake, na inaomba shughuli 4 tu. Vyuo vya mfumo wa University of California vina fomu nyingine tena, yenye nafasi 20 kwa shughuli na tuzo pamoja, na herufi 350 za maelezo. Kwa hiyo andaa orodha yako kwenye daftari kwanza, halafu uikate kulingana na kila fomu.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Msichana wa shule ya kutwa, nyumbani kwao Kibirizi. Mama ananunua dagaa mwaloni mitumbwi inaporudi, wanaanika, wanauza wakavu kwa wafanyabiashara wanaopeleka mizigo kwa treni. Akiandika kwa mazoea ataandika hivi:

"Nilimsaidia mama katika biashara ya samaki. Nilijifunza uvumilivu, bidii na umuhimu wa kushirikiana na watu mbalimbali."

Herufi 119, na msomaji hajaona kitu. Alisaidia vipi? Kiasi gani? Uvumilivu na bidii ni maneno ambayo kila mwombaji duniani ameyaandika usiku huohuo. Sasa aandike hivi:

"Naanika samaki wadogo wa ziwani, ndoo 6 kila alfajiri, natunza hesabu za mauzo, nilijenga chanja 2, mzigo unaooza mvua ikinyesha ulipungua nusu."

Herufi 144. Kuna kiasi, kuna jukumu la pili linaloonyesha kuaminiwa na pesa, na kuna kitu alichobadilisha pamoja na matokeo yake. Hilo la mwisho ndilo linalobeba uzito. Dagaa wa kwenye mchanga mvua ikiwakuta wamekwisha. Wa kwenye chanja unawafunika kwa turubai, na hewa inapita chini. Aliyeona tatizo hilo akalitatua kwa miti na wavu wa zamani ameonyesha akili ya uhandisi bila kulitaja neno uhandisi. (Fomu inajazwa kwa Kiingereza, kwa hiyo herufi atazihesabu upya huko, Kiingereza kitamwongezea nafasi kidogo.) Angalia pia kwamba hakuandika "dagaa" wala "mwalo". Msomaji yuko Massachusetts. Neno lisiloeleweka ndani ya herufi 150 ni shimo.

Hesabu ya saa nayo ina kanuni zake, na wengi wanaikosea kwa kubahatisha. Msichana wetu huenda mwaloni saa 11 alfajiri hadi saa 12 na nusu, siku 5: saa 7 na nusu. Jumamosi saa 4 na nusu. Jumla 12 kwa wiki. Wiki ngapi kwa mwaka? Si 52. Uvuvi wa taa unategemea giza. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga, na mitumbwi hupumzika karibu wiki moja kila mwezi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, wiki 13. Kwa mwaka kama huo: 52 toa 13 zinabaki 39, toa wiki 9 za mbalamwezi zinabaki 30, toa 4 za mitihani zinabaki 26. Anaandika saa 12, wiki 26. Ni saa 312 kwa mwaka, na akiulizwa anaweza kuzitetea moja moja.

Angeandika saa 25 na wiki 52 angejiharibia, kwa sababu msomaji hujumlisha. Wiki nzima ina saa 168. Ukitoa usingizi, vipindi, kutembea na kusoma jioni, mwanafunzi wa kutwa anabakiwa na saa 25 au 30 hivi za kila kitu kingine. Wa bweni anabakiwa na chache zaidi, maana kengele inampangia. Shughuli 10 za saa 10 kila moja ni saa 100. Faili la namna hiyo linasomwa kwa mashaka kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, hata yale ya kweli.

Kosa jingine la wa bweni: anasoma Tabora, nyumbani Ujiji, halafu anaweka kazi ya ziwani kuwa ya mwaka mzima. Ratiba ya shule na ramani ya nchi zinamkatalia. Aweke wakati wa likizo, wiki 10 au 12, kwa saa nyingi kwa wiki. Inakubalika kabisa, na ni kweli.

Kazi za nyumbani: zipi zihesabiwe

Kuosha vyombo na kufua sare yako ni maisha ya kila mtu, usiviandike. Kipimo kizuri ni hiki: ukiacha wewe, kuna kitu kinasimama? Ukimlea mdogo wako mchana kutwa kila likizo ili mama aende Mwanga sokoni, na usipokuwepo soko linakosa mtu, andika. Ukikamua mawese na baba yako, ukichemsha chikichi kwenye pipa, ukaponda, ukachuja, na mafuta yale ndiyo ada yako, andika, na useme madumu mangapi kwa msimu. Ukimuuguza bibi miaka miwili, andika. Sauti iwe ya kawaida, bila kujililia. Msomaji hatafuti huruma; anatafuta kujua saa zako zilikwenda wapi na wewe ulizifanya nini.

Vyeo vya shule vinastahili neno la ziada, kwa sababu huku kwetu tunavipa uzito mkubwa na kuvieleza vibaya. "Kaka mkuu" haitoshi. Uliongoza wanafunzi wangapi? Ulibadilisha nini ambacho bado kipo baada yako? Na mara nyingine cheo kinachodharauliwa kina habari nzuri zaidi. Fikiria kiranja wa chakula wa bweni lenye wanafunzi 800. Kila jioni yuko ghalani na mpishi, mizani iko chini ya taa, unga unapimwa, maharage yanapimwa, kiasi kinaandikwa kwenye leja kabla mlango haujafungwa. Akigundua kwamba maharage ya wiki nne yanaisha kwa wiki tatu, akaanzisha sahihi mbili kwenye leja na upotevu ukaisha, huyo ana kitu ambacho kaka mkuu wa kusoma matangazo mstarini hana. Waombaji wa aina hii huishia kuandika "kiranja" na kusonga mbele. Inauma kuliona.

Tabora ina shule ambayo Julius Nyerere alisoma kuanzia mwaka 1937, na mdahalo ulikuwa sehemu ya maisha yake pale. Utamaduni wa mdahalo upo hadi leo katika shule nyingi za kanda yetu, na ni shughuli nzuri yenye gharama ndogo kuliko zote. Ila "mwanachama wa klabu ya mdahalo" haisemi kitu. Aliyepanga ratiba ya mada 12 kwa mwaka, akaalika shule mbili za jirani, akafundisha kidato cha kwanza kutoa hoja kwa dakika 3, ana herufi 150 zilizojaa.

Hali ni hiyohiyo kwa vikundi vya dini. UKWATA, TYCS, TAMSYA: wengi huviacha wakidhani chuo cha kigeni hakitaki kusikia habari za ibada. Kinachosomwa ni kazi uliyofanya. Mhasibu wa kikundi aliyesimamia michango ya wanachama 90, au mwalimu wa kwaya anayeandika noti za sauti nne kwa mkono, ana shughuli halisi.

Miti iliyopandwa na miti iliyopona

Kigoma ina bahati ambayo vijana wake hawaitumii ipasavyo. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe mwaka 1960, na mwaka 1991 programu ya vijana ya Roots & Shoots ilianzia hapa Tanzania, jijini Dar es Salaam, na wanafunzi 12. Sasa iko katika nchi nyingi, kwa hiyo jina la klabu hiyo msomaji wa Marekani huenda analijua. Kulijua jina, hata hivyo, hakumwambii wewe ulifanya nini. Tena ni hatari: klabu maarufu zina wanachama wengi ambao kazi yao ni kupiga picha siku ya kupanda miti.

Tofauti iko kwenye namba ya pili. "Tulipanda miti 500" ni namba ya kwanza, na kila klabu inayo. Namba ya pili ni mingapi ilikuwa hai baada ya kiangazi. Mche wa mlimani Kigoma unapandwa mvua zikianza, Novemba au Desemba. Ifikapo Septemba, baada ya miezi minne ya ukavu, mbuzi, moto na mchwa, ndipo unajua ulipanda nini. Mwanafunzi aliyerudi Septemba na daftari, akahesabu, akakuta 180 kati ya 500, akauliza kwa nini, akagundua kwamba viriba havikuvuliwa vyote na mizizi ilijikunja, akaweka mtu wa kukagua kila shimo mwaka uliofuata, huyo ameandika sayansi. Hata kama mwaka wa pili ilipona 300 tu. Usiogope kuandika namba ndogo ya kweli. Wasomaji wa mafaili wameshazoea namba kubwa za mviringo, na hawaziamini.

Kwa sababu hiyohiyo, kuwa mwangalifu na mtindo wa kuanzisha shirika. Kijana anasajili jina, anatengeneza nembo, anajipa cheo cha mkurugenzi mtendaji mwezi mmoja kabla ya kuomba. Mafaili ya namna hiyo ni mengi mno, na tarehe zinasema kila kitu. Kufundisha hesabu watoto 14 wa mtaani kwako kila Jumamosi kwa miaka miwili, bila nembo, ni bora mara nyingi. Programu za kulipia za "viongozi wa kesho" zinazokutumia barua pepe za pongezi usizoziomba, achana nazo. Ada ile ingelipa SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, na nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi.

Wingi pia si hoja. Shughuli 5 au 6 zenye kina zinasimama vizuri kuliko 10 za kujazia. Kinachovutia ni uzi unaoziunganisha bila kulazimishwa: yule msichana wa chanja anaweka hesabu za mama, yuko kwenye klabu ya sayansi, na mradi wake wa maonyesho ya Young Scientists Tanzania ulikuwa juu ya ukaushaji wa samaki. Ukimweka hivyo msomaji anamkumbuka mezani: "yule wa samaki." Panga orodha kuanzia ile yenye uzito mkubwa kwako, maana macho huchoka yakishuka.

Kalenda yetu inakupa muda ambao wenzako hawana

Fomu inauliza miaka minne ya mwisho ya sekondari, yaani kidato cha tatu hadi cha sita kwa wengi wetu, pamoja na muda baada ya kumaliza shule. Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Hiyo ni miezi zaidi ya 7. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, matokeo Julai. Vyuo vya Marekani hufunga maombi ya mapema tarehe 1 Novemba na ya kawaida karibu na 1 Januari, na masomo huanza Agosti au Septemba. Ukisubiri matokeo kwanza, una zaidi ya mwaka mzima mkononi.

Mwanafunzi wa Marekani hana pengo kama hilo. Yeye huhangaika na likizo ya kiangazi ya wiki 10. Kwetu pengo hili huliwa na usingizi na simu. Ndipo mahali pa kufanya kitu kimoja kirefu: kufundisha shule ya msingi iliyokosa mwalimu wa hesabu, kufanya kazi karakana ya boti, kupima mvua kila siku na kuandika. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria, kama umeitwa, nayo ni shughuli ya kuandikwa kwenye sehemu ya baada ya sekondari. Eleza ulichofanya kule: shamba, ujenzi, uongozi wa kikosi kidogo.

Nunua daftari la kurasa 96 ukiwa kidato cha tatu. Tarehe, saa ngapi, nini, kiasi gani. Mstari mmoja kwa siku unatosha. Bila daftari utafika fomuni ukibuni, na kubuni kunaonekana.

Barua ya mwalimu inapopingana na fomu

Hapa ndipo mafaili mengi mazuri ya kwetu yanapoanguka bila mwombaji kujua. Mwalimu mkuu au mwalimu wa taaluma ndiye anayejaza ripoti ya shule, na walimu wawili wa masomo huandika mapendekezo. Kwa mazoea yetu barua ya sifa ni mistari sita: ni mtiifu, ana nidhamu, hana rekodi mbaya, apewe ushirikiano. Kwa mwajiri wa hapa inatosha. Kwa chuo kinachochuja, barua isiyotaja hata jambo moja mahususi inasomwa kama mwalimu hakumjua mwanafunzi, au hakuwa na jema la kusema.

Muone mwalimu mapema, Agosti au Septemba, kwa heshima, na karatasi ya ukurasa mmoja: shughuli zako, miaka, namba, na matukio mawili aliyoyaona yeye mwenyewe. "Mwalimu, naomba unikumbushie ile siku ya leja ya maharage." Usimwandikie barua, mpe kumbukumbu. Akitaja chanja au leja kwa maneno yake, madai yako yamepata shahidi. Akitaja kwamba ulikuwa kiranja wa mazingira na wewe umeandika kaka mkuu, faili limekufa.

Mwalimu apakie barua kwa barua pepe yake mwenyewe. Kama hana, msaidie afungue, na nywila abaki nayo yeye. Barua ya mwalimu ikitoka kwenye anwani uliyoifungua wewe, kwa kifaa kilekile ulichotumia kuomba, inaleta maswali.

Vivyo hivyo steshenari. Ndiko tunakochapa, tunakoskani, tunakojaziwa fomu za mkopo, na vijana wa steshenari ni wasaidizi wazuri. Lakini fomu hii usimwachie mtu. Kuna wanaobandika maelezo ya mteja wa jana kwenye fomu ya mteja wa leo, na vyuo hupokea maelezo yanayofanana neno kwa neno kutoka mji mmoja. Andika maelezo yako nyumbani, uyahesabu herufi kwa penseli, uende ukiwa na karatasi. Nywila isibaki kwenye kompyuta ya duka. Namba ya simu iwe yako, maana msimbo wa kuingilia utatumwa huko miezi minne baadaye, wakati yule kijana ameshahama Kasulu.

Vyuo vingine humwita mwombaji kwa mahojiano mtandaoni, na swali la shughuli halikosekani: kwa nini mliacha kuanika mchangani, miti mingine ilikufa kwa nini, maharage yalikuwa yakipotelea wapi. Kaa na daftari lako karibu. Na uangalie saa. Kuanzia Novemba hadi mapema Machi, Kigoma iko mbele ya Boston kwa saa 8, kwa hiyo saa 6 mchana ya kwao ni saa 2 usiku ya kwetu. Wao wataandika saa 8 ya usiku kwa hesabu yao wakimaanisha hiyo saa 2, na kijana aliyeisoma kwa Kiswahili ataamka saa 8 usiku wa manane, awashe bando, na kukuta chumba kitupu. Muulize mhojaji akuandikie muda kwa mfumo wa saa 24. Ukiona 20:00, ni saa 2 usiku.